Umeizima, feni bado inavuma: amri ya kuzima kompyuta hupotelea wapi?

Jioni moja, karibu saa mbili, niliitwa kwenye duka moja la saiba hapa Nakuru, si mbali na stendi ya matatu. Mwenye duka alikuwa ameshika funguo mkononi na mlango wa chuma ulikuwa umeteremshwa nusu. Kompyuta tano kati ya sita zilikuwa kimya. Ya sita, ile ya kando ya printa, skrini yake ilikuwa nyeusi tii, lakini taa ya mbele inawaka na feni inavuma.

“Fundi, hii haizimi,” akaniambia. “Wiki ya tatu sasa. Kila jioni naing'oa tu ukutani niende zangu.”

“Na asubuhi inawaka vizuri, mama?”

“Inawaka, lakini inakaa ikikagua diski kwanza. Na jana kuna mteja alijaza fomu yake ya ushuru hapo. Leo faili limekataa kufunguka.”

Hilo la faili ndilo lililonifanya nivute kiti. Feni inayovuma usiku kucha ni hasara ya tokeni, hilo ni kweli: kompyuta ya mezani inayokula wati 40 ikiwa imekaa tu, kwa saa 12 za usiku humaliza karibu nusu yuniti, na kwa mwezi ni yuniti 14 hivi. Lakini fomu ya mtu aliyepanga foleni ni jambo jingine. Tena kilichoiharibu hakikuwa ile hitilafu yenyewe. Ni dawa ambayo mama alikuwa akiitumia.

Neno “haizimi” nimelisikia Nakuru, nimelisikia Kisumu na Kakamega, na mara nyingi huwa limebeba maradhi manne yasiyo na undugu. Kuna kompyuta ambayo bado iko katikati ya kazi ya kujizima, haijamaliza. Kuna ile iliyomaliza kila kitu lakini umeme haukukatwa. Kuna iliyozima kabisa, kisha kitu fulani kikaiamsha ukiwa umeshageuka. Na kuna ambayo imezima vizuri, ila taa fulani imebaki ikiwaka na kumtia mwenyewe wasiwasi. Dawa ya moja haiponyi nyingine. Ndiyo maana unakuta mtu amebadilishiwa pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, amewekewa Windows upya, amelipa mara mbili, na wiki inayofuata yuko palepale.

Swichi iliyogeuka kuwa ombi

Waliotumia kompyuta miaka ya tisini wanakumbuka ile swichi nzito iliyolia “ta!” ikibonyezwa. Ilikata umeme wa ukutani moja kwa moja. Ukiwa na Windows 95 ulichagua kuzima, ukangoja, kisha skrini nyeusi ikaleta maandishi ya rangi ya machungwa kukuambia kwamba sasa ni salama kuzima kompyuta. Hapo ndipo kidole chako kilipomaliza kazi. Mashine ilikuwa na sehemu yake na binadamu alikuwa na yake.

Mwaka 1995 Intel ilitoa muundo wa ATX, na ile swichi ikaondoka. Kitufe cha mbele cha kompyuta ya siku hizi hakikati umeme wowote. Kinagusanisha nyaya mbili nyembamba kuiambia mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kwamba mwenyewe ana ombi, basi. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakachapisha mapatano yaitwayo ACPI, yanayoeleza jinsi Windows, Linux au mfumo mwingine utakavyozungumza na mazabodi kuhusu umeme: kusinzia, kulala fofofo, kuzima. Tangu wakati huo kuzima kompyuta ni amri inayopokezanwa mkono kwa mkono, na kila mkono unaweza kuiangusha.

Mama mwenye saiba aliyaelewa haya mara moja, kwa sababu yeye hufunga duka kila siku. Wateja hutoka kwanza. Kisha wafanyakazi wanakusanya kazi zao, karatasi zinarudi kabatini, na wa mwisho kutoka ndiye anayezima swichi kuu. Huwezi kuanza na swichi kuu watu wakiwa bado ndani.

Ndani ya kompyuta mambo huenda vivyo hivyo. Programu ulizofungua huambiwa zihifadhi na zifunge. Kisha huduma zinazofanya kazi kichinichini, kama ile ya printa na ya kuzuia virusi, huambiwa zisimame. Windows 10 huzipa sekunde 5, Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, huvumilia hadi sekunde 90, na ndipo unapoona ule mstari wa “A stop job is running” ukihesabu. Data iliyokuwa ikingoja kwenye kumbukumbu huandikwa diskini. Halafu kila draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa fulani, huambiwa ilaze kifaa chake: ya sauti, ya mtandao, ya USB. Zote zikijibu, kiini cha mfumo huandika nambari fulani kwenye rejista ya ACPI, nambari yenye maana ya hali iitwayo S5, yaani kuzima. Mazabodi ikiisoma huiachilia pawa saplai, na feni hunyamaza.

Nimesema “huiachilia” kwa makusudi. Kwenye pawa saplai ya ATX kuna waya wa kijani. Mazabodi ikiushusha waya huo hadi karibu volti 0, pawa saplai huwaka. Ikiuachilia upande hadi karibu volti 5, pawa saplai huzima. Kando yake kuna waya wa zambarau ambao hubeba volti 5 muda wote plagi iko ukutani, kompyuta iwe imewaka au imezima, ili mazabodi ibaki na uhai wa kukisikia kitufe. Shika nyaya hizo mbili akilini, tutazirudia.

Soma dalili kabla ya kushika kitufe

Jambo la kwanza nililomwomba mama lilimshangaza: tusiiguse. Tungoje, tuangalie.

Ukiona skrini bado ina maandishi, au kile kiduara kinazunguka, au taa ya diski inapepesa, kompyuta yako inafanya kazi. Ikisema inaweka masasisho, iache hata kama ni dakika arobaini. Kwenye mashine kuukuu yenye diski ya kuzunguka masasisho makubwa huchukua muda huo na zaidi, na kuyakatiza umeme katikati ndiyo njia ya haraka ya kuamka asubuhi na Windows isiyofika popote. Jaribu pia kitufe cha Num Lock. Taa yake ikibadilika unapobonyeza, mfumo bado uko hai. Isipobadilika, ama umekwama ama umeshakabidhi kazi, na dalili hiyo peke yake haitoshi kukuambia ni lipi.

Pale saiba Num Lock haikujibu. Nikashika kitufe cha kuwashia kwa muda. Kitufe kikishikiliwa sekunde 4 au zaidi, mazabodi yenyewe hukata umeme bila kuuliza Windows, na hapo ikazima. Kitendo hicho kimoja kilinieleza mengi: mazabodi inajua kuachilia ule waya wa kijani, na pawa saplai inatii. Ingeendelea kuvuma hata baada ya kushikiliwa, ningeanza kufungua kasha.

Nikaiwasha tena na kuingia Bayosi, kwenye kurasa zile za mipangilio kabla ya Windows. Ukiwa humo, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, kwa wepesi. Hakuna Windows ya kuombwa ruhusa, kwa hiyo kompyuta nzima inapaswa kuzima papo hapo. Ilizima. Kisha nikaiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, nikachagua kujaribu bila kusakinisha, na nikaizima kutoka humo. Ikazima safi. Ukimaliza majaribio haya mawili, ambayo hayagharimu shilingi, umeshajua kama ugonjwa uko kwenye vyuma au kwenye programu. Kwa Linux kuna dalili nyingine nzuri: ukiona maneno “reboot: Power down” yamebaki kwenye skrini na feni bado inazunguka, Linux imemaliza sehemu yake na imeshakabidhi, tafuta chini yake, kwenye Bayosi na vyuma.

Kwetu ugonjwa ulikuwa ndani ya Windows. Lakini Windows ni nyumba kubwa.

Windows inayosema imezima kumbe imelala

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea bila kosa lao.

Kuanzia Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, kubonyeza “Shut down” hakuzimi Windows yote. Hufunga programu zako na kukutoa wewe, lakini kile kiini pamoja na draiva zake hakifungwi; hali yake hunakiliwa kwenye faili liitwalo hiberfil.sys, na asubuhi husomwa tena kutoka hapo ili kompyuta iwake upesi. Mpango huu unaitwa Fast Startup, na kompyuta nyingi huja ukiwa umewashwa tayari. Kinachofunga kila kitu na kuanza upya ni “Restart”. Ndiyo, “Restart” ni kuzima kamili kuliko “Shut down”. Mwalimu mmoja wa Kakamega alibishana nami juu ya hili mpaka nilipomfungulia Task Manager, sehemu ya Performance, kwenye CPU, pale panapoandikwa “Up time”. Laptopu yake, aliyoizima kila jioni, ilionyesha imekuwa macho siku kumi na moja.

Matokeo yake ni kwamba draiva iliyougua Jumatatu huamka ikiwa mgonjwa Jumanne na Jumatano. Na baadhi ya kompyuta hukwama wakati huohuo wa kujinakili: skrini inazima, feni inabaki. Jaribio lake ni rahisi. Shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza “Shut down”, au fungua dirisha la amri uandike:

shutdown /s /t 0

Njia zote mbili huzima kikamilifu. Kama kompyuta inazima vizuri kwa njia hizi na hukwama kwa njia ya kawaida, umempata mhusika. Ingia Control Panel, Power Options, “Choose what the power buttons do”, uondoe tiki kwenye “Turn on fast startup”. Ipo pia amri ya msimamizi, powercfg /h off, inayofuta na lile faili kubwa la hiberfil.sys. Kwenye laptopu nasita kuitumia, kwa sababu huondoa pia uwezo wa kulala fofofo, na uwezo huo ndio unaookoa kazi yako betri inapokaribia kuisha na stima haijarudi.

Maoni yangu: kwenye kompyuta yenye SSD, diski isiyozunguka, Fast Startup hukuokolea sekunde chache ambazo hazilingani na fujo zake. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka inasaidia kweli, na kama haileti shida iache. Kama una Windows na Ubuntu kwenye mashine moja, izime leo. Windows iliyolala namna hii huiacha sehemu yake ya diski ikiwa nusu wazi, na Ubuntu itakataa kuiandikia, kwa haki kabisa.

Kwenye kompyuta ya mama nilijaribu Shift. Ikakwama vilevile. Fast Startup haikuwa na hatia, ingawa niliizima ili isinichanganyie ushahidi.

Ushahidi wenyewe uko Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha matukio yaliyoandikwa, kwenye kumbukumbu za System. Fast Startup ikiwa imezimwa, tafuta nambari chache tu. 1074 ni pale mtu au programu ilipoomba kuzima. 6006 ni pale huduma inayotunza kumbukumbu yenyewe iliposimama. Ukikuta 41 na 6008 za asubuhi, hizo ni Windows ikilalamika kwamba mara ya mwisho ilikatwa bila kuagwa. Ukiikuta 1074 bila 6006 baada yake, amri ilianguka mapema, kwenye programu au huduma. Ukizikuta zote mbili, ilivuka huko na kuanguka mbele, kwenye draiva au katika kukabidhiana na mazabodi.

Zetu zilikuwa zote mbili, jioni baada ya jioni.

Draiva ndiyo mshukiwa wa kwanza hapo, na kuna moja iliyojipatia jina. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, laptopu nyingi zilianza kufanya hivyohivyo: skrini giza, taa na feni vinaendelea. Mara nyingi ilikuwa ile inayoorodheshwa Device Manager, chini ya System devices, kama Management Engine Interface. Tiba ilikuwa kuondoa toleo lililoletwa na Windows Update na kuweka lile la mtengenezaji wa laptopu husika, hata kama lilikuwa la zamani zaidi. Bado nakutana nayo kwenye laptopu za umri huo, hasa mtu akiwa amewekewa Windows mpya.

Kwa hiyo nikauliza swali ambalo ningeuliza mwanzo: “Mama, wiki tatu zilizopita kuna kitu kilibadilishwa hapa?”

Akafikiri. “Kuna kijana aliiweka Windows upya. Ilikuwa nzito.”

Iliyozima kisha ikaamka

Kabla ya kumaliza habari ya mama, niyaseme maradhi ya tatu, kwa sababu huku kwetu yana rafiki mkubwa: stima inayopotea na kurudi.

Mwenye duka moja la dawa Kondele, Kisumu, alinipigia simu akiwa na hakika kwamba kuna mtu anaingia usiku na kutumia kompyuta yake. Aliizima jioni kwa macho yake mwenyewe, asubuhi akaikuta imewaka. Usiku wa manane mvua ya radi ilikuwa imepiga kutoka ziwani, stima ikapotea, ikarudi. Kwenye Bayosi kuna mpangilio unaosema mashine ifanye nini umeme ukirudi, wenye majina kama “Restore on AC Power Loss”, “AC Recovery” au “After Power Failure”. Unaweza kuchagua ibaki imezima, iwake, au irudi ilivyokuwa. Kompyuta hizi za ex-UK tunazonunua zilifanya kazi maofisini kabla ya kuvuka bahari, na watu wa ofisi hupenda mashine ijiwashe. Nilichagua ibaki imezima, na mgeni wa usiku hakuonekana tena.

Waamshaji wengine ni kadi ya mtandao iliyoruhusiwa kuamsha kompyuta kwa ujumbe kutoka mtandaoni, saa ya kengele ndani ya Bayosi, na USB. Linux ililazimika kuongezewa msimbo maalumu kwa mazabodi za kizazi cha Haswell cha Intel, cha mwaka 2013, kwa sababu baadhi zilizima kisha zikajiwasha zenyewe kwa ajili ya kidhibiti cha USB 3. Amri powercfg /devicequery wake_armed hukuonyesha vifaa ambavyo Windows imeviruhusu kuamsha. Lakini njia ninayoiamini ni ya mikono: chomoa waya wa mtandao, zima, ngoja. Kisha chomoa vya USB kimoja kimoja.

Ikiwa kompyuta inazima na kujiwasha ndani ya sekunde chache kila unapoizima, usifikirie waamshaji kwanza. Huenda Windows inaanguka wakati wa kuzima, na imeagizwa ijiwashe ikianguka. Kwenye dirisha la amri andika sysdm.cpl, nenda Advanced, Startup and Recovery, ondoa tiki kwenye “Automatically restart”. Safari ijayo skrini ya buluu itabaki, na utaisoma.

Taa zisizo na hatia

Mausi yenye mwanga mwekundu uliobaki, taa ya kijani kwenye tundu la waya wa mtandao, simu inayoendelea kuchaji kwenye USB: hizo hulishwa na ule waya wa zambarau. Feni imenyamaza, kompyuta imezima, nenda ukalale. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliwabana watengenezaji kwamba mashine iliyozimwa isile zaidi ya wati 1 kuanzia 2010, na nusu wati kuanzia 2013. Nusu wati kwa mwaka mzima haifiki yuniti 5. Ndiyo sababu kompyuta nyingi za kutoka huko zina mpangilio wa Bayosi uitwao ErP au Deep Sleep. Ukiuwasha, karibu taa zote hizo huzimika.

Taa moja inafaa kutiliwa shaka: ile inayobaki hafifu hata baada ya kuchomoa plagi ya kompyuta yenyewe. Umeme unaingia kwa mlango wa nyuma, kutoka kwenye skrini kupitia HDMI au kutoka kwenye kigawanyio cha USB chenye chaja yake. Chomoa hivyo na taa itakufa.

Pale tatizo linapokuwa la vyuma

Tuseme ulishika kitufe sekunde kumi na feni bado inavuma, au hata ndani ya Bayosi haizimi. Sasa ni kazi ya mita ya kupima volti. Kompyuta ikiwa katika hali hiyo ya “imezima lakini inavuma”, ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya plagi kubwa ya mazabodi, kwenye waya wa kijani, na ncha nyingine kwenye waya mweusi. Ukisoma karibu 0, mazabodi ndiyo inayoendelea kuagiza umeme. Ukisoma karibu volti 5, mazabodi imeshaachilia na pawa saplai haisikii. Hiyo pawa saplai ibadilishe. Sijaona jaribio fupi kuliko hili linalookoa pesa nyingi hivi. Angalizo ni kwamba kompyuta nyingi za chapa za ofisini hutumia plagi za kwao wenyewe, na rangi za nyaya huenda zisifuate mpango huu. Tafuta mchoro wa modeli hiyo kwanza.

Pawa saplai yenyewe usiifungue kama hukufunzwa. Umeme wetu wa volti 240, ukishageuzwa mle ndani, hukaa kwenye kapasita kubwa kwa zaidi ya volti 300, na huweza kubaki humo hata baada ya plagi kutoka ukutani.

Kwa laptopu ambayo taa imegoma kufa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha jaribu tena. Kidhibiti kidogo kinachosimamia umeme wake huanza upya, na mara kadhaa hilo limetosha.

Kwa nini kung'oa plagi kunaumiza

Watu huniambia, “Lakini skrini ilikuwa imeshazima.” Skrini ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuondoka. Faili unalohifadhi halifiki diskini saa ileile. Windows hulishika kwenye kumbukumbu kwa muda, na diski yenyewe ina kumbukumbu yake ndogo inayongoja nafasi ya kuandika. Mfumo wa faili wa siku hizi huweka daftari la mabadiliko ili mpangilio wa diski usivurugike, na husomwa kompyuta inapowaka tena. Daftari hilo hulinda majina ya faili na mahali zilipo. Halikuahidi kulinda yaliyomo. Ndiyo maana faili la mteja lilionekana, jina lake sawasawa, na halikufunguka.

Kama huna budi, na umeshangoja, itazame taa ya diski. Ikitulia kabisa kwa dakika mbili tatu, shika kitufe. Hatari haijaisha, ila imepungua sana.

Mama hakuwa amewahi kungoja. Jioni ile tuliondoa ile tiki ya “Automatically restart”, tukaizima kompyuta kama kawaida, skrini ikawa nyeusi, feni ikabaki. Akaleta chai. Tulikuwa katikati ya kikombe skrini ilipowaka buluu na kuandika DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Kila jioni kwa wiki tatu Windows ilikuwa ikielekea kuyasema maneno hayo, na kila jioni plagi ilitoka kwanza.

Msimbo huo maana yake kuna draiva iliyoambiwa ilaze kifaa chake na haikujibu. Windows huacha faili dogo la kumbukumbu ya anguko kwenye folda ya Minidump. Nililifungua kwa programu ya bure iitwayo BlueScreenView, na jina lililotajwa lilikuwa la draiva ya kadi ya mtandao. Kuhakikisha, nilikwenda Device Manager nikaizima kadi hiyo, kisha nikazima kompyuta. Feni ilinyamaza ndani ya sekunde kumi. Draiva iliyokuwapo ilikuwa ile ya jumla iliyowekwa pamoja na Windows mpya. Nilipakua ile ya modeli yenyewe, nikaiweka, nikairudisha kadi kazini, nikazima na kuwasha mara nne mfululizo huku mama akihesabu kwa sauti.

Faili la mteja nilijaribu kulifufua kwa zaidi ya saa moja. Ndani yake kulikuwa na sifuri tupu. Asubuhi yake mama alimpigia mteja simu, akamwomba arudi na stakabadhi zake, na wakaijaza fomu upya kwenye kompyuta ileile bila kumtoza.